Kabla Hujaagiza Gari Japani, Uliza Pesa Yako Italala kwa Nani

Mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa amelala. Hakunisalimia hata. "Wewe si ulisoma mambo ya biashara? Niambie, ninunue gari hapa ama niagize Japani?" Nikamwambia nilisomea masoko, sikusomea magari. Akasema ni kitu kimoja, yote ni watu kutaka pesa yako. Sikuwa na jibu la hiyo.

Mjomba anasambaza mayai. Huchukua trei kwa wafugaji wa upande wa Thika na kuzipeleka madukani Githurai, Roysambu na Kasarani. Kwa miaka minne alikuwa akikodi pikapu siku tatu kwa wiki, shilingi 3,000 kwa siku. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 900,000 kwenye SACCO na alitaka Probox, kama vile kila mtu mwenye mzigo nchi hii anavyotaka Probox. Na kila aliyemuuliza alikuwa na maoni. Wenye yadi ni wezi, agiza mwenyewe. Usiagize, utauziwa picha. Gari za hapa zimechoka, utanunua shida ya mtu mwingine.

Tulikaa na hilo swali kama miezi miwili, mimi na yeye, karatasi na kikokotoo. Nimetoka hapo nikiamini kwamba watu wengi huanzia mahali pasipofaa. Wanaanza na bei. Mimi ningeanza hapa: kutoka siku ile pesa inatoka kwenye simu au akaunti yako hadi siku jina lako linaingia kwenye logbuku, hiyo pesa iko mikononi mwa nani, na itakaa huko siku ngapi? Ukijibu hilo bila kujidanganya, mara nyingi gari linajichagua lenyewe.

Lakini najua bei ndiyo inawasha macho, basi tuanze nayo.

Ile bei ndogo kwenye tangazo

Hapa masomo yangu yalisaidia kidogo. Tulifundishwa kwamba nambari inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ile inayomfanya mtu asimame. Nambari atakayolipa ni hadithi nyingine. Kwenye tovuti za wauzaji wa Japani, bei kubwa inayoonekana huwa ni ya gari likiwa bado Japani. Ukibonyeza zaidi unapata CIF Mombasa, yaani bei ya gari, bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Watu wengi wakifika hapo wanabadilisha dola ziwe shilingi na kusema, "Kumbe ni rahisi hivi?"

Meli ikifika Mombasa, ndipo KRA inaingia. Na KRA haiangalii risiti yako ya Japani. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inaitwa CRSP, na bei hiyo hupunguzwa kulingana na umri wa gari lako ndipo thamani ya forodha ipatikane. Kwa hivyo hata ukipata gari kwa bei ya kutupa kwenye mnada kule Yokohama, ushuru wako hautashuka kwa sababu ya bahati yako.

Tuseme thamani ya forodha ya gari dogo la petroli, injini isiyozidi 1500cc, imetoka shilingi 400,000. Kwa viwango tulivyotumia sisi, ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni 140,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya jumla hiyo mpya ya 540,000, yaani 108,000. Halafu VAT asilimia 16 ya 648,000, ambayo ni 103,680. Kuna ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ya zile 400,000, hiyo ni 10,000, na ya maendeleo ya reli, asilimia 2, hiyo ni 8,000. Jumla ni shilingi 369,680. Rudia kusoma: gari la thamani ya laki nne linadaiwa ushuru wa karibu laki tatu na sabini. Tena injini ikizidi 1500cc, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 25. Viwango hivi hubadilika Bunge likipitisha sheria ya fedha, kwa hivyo kabla hujalipa chochote, fanya hesabu upya kwa viwango vya siku hiyo.

Bado hujamlipa wakala wa forodha, bandari, kampuni ya meli, namba za usajili, na mtu wa kulileta gari Nairobi, karibu kilomita 480.

Mjomba aliangalia ile karatasi akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hivyo ninanunua gari mbili, moja yangu na moja ya serikali."

Sheria ya miaka minane inaamua kabla yako

Kuna jambo ambalo lingetuokolea wiki nzima kama tungelianzia. KEBS hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingia nchini, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Kuanzia Januari 2026, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019 haliingii. Kinachohesabiwa ni lini limefika Mombasa. Siku uliyolipa haikusaidii. Ndiyo maana kuagiza gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa mwezi wa Novemba ni kucheza kamari na ratiba ya meli.

Maana yake kwa mtu wa laki tisa ni hii: gari unaloweza kuagiza ni jipya kiasi, na kwa hivyo ni ghali. Tulipopiga hesabu ya Probox ya kuagiza, kila kitu ndani, tulifika shilingi 1,330,000. Yadi moja ya Ngong Road ilikuwa na inayofanana nayo, ikitaka 1,480,000. Probox ya 2015 iliyotumika hapa hapa Kenya tuliipata kwa 950,000. Hizo si gari tatu za aina moja zenye bei tofauti, ingawa watu huzilinganisha hivyo. Hiyo ya tatu huwezi kuiagiza kabisa, sheria haikuruhusu. Kama bajeti yako iko hapo, ule mjadala wa Japani ni wa kupitisha muda tu.

Tofauti ya kweli ilikuwa kati ya kuagiza na yadi: shilingi 150,000. Hiyo ndiyo pesa ambayo watu husema yadi "inaiba." Mimi nadhani inauza kitu. Inauza kungoja.

Kuagiza huchukua miezi miwili hadi mitatu ukihesabu kuchagua, kulipa, ukaguzi wa kule, meli, na kutoa gari bandarini. Mjomba anakodi pikapu kwa shilingi 9,000 kwa wiki. Wiki kumi na mbili ni 108,000. Toa hiyo kwenye zile 150,000 anazookoa, zinabaki 42,000, na hapo hakuna kilichoharibika njiani. Mwalimu mwenye mshahara anayetaka gari la kwenda nalo kanisani Jumapili hana hiyo gharama. Anaweza kungoja hata miezi sita na faida yote ni yake. Ndiyo maana ushauri wa jirani haukufai hata kama jirani hakudanganyi.

Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu 130. Gari la dola 6,000 lilikuwa 960,000 wakati mmoja na 780,000 miezi michache baadaye. Aliyengoja alipata. Lakini shilingi ingeweza kwenda upande ule mwingine vilevile, na mtu anayelipa kidogo kidogo kwa dola anabeba hatari hiyo mwenyewe.

Njia ya katikati ndiyo mbaya zaidi

Sasa nifike kwenye kile kilichotuuma.

Katikati ya hizo hesabu zote, Mjomba alikutana na kijana mmoja kupitia ukurasa wa Facebook. Kijana alisema anaagiza magari kwa niaba ya watu, ana mtu wake Japani, ana mtu wake Mombasa. Bei yake ilikuwa chini ya yadi na chini ya hesabu yetu pia. Alitaka dipoziti ya 60,000 "ya kushika gari mnadani." Alituma picha ya Probox nyeupe, safi, na karatasi ya mnada imeandikwa daraja la 4. Mjomba alituma pesa kwa simu, kwa namba ya kawaida, jioni ya Ijumaa. Mimi niliambiwa Jumapili.

Karatasi ya mnada ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya gari la mtu mwingine, limeshauzwa kitambo. Kijana alijibu simu wiki mbili, kila siku meli imechelewa, kisha namba ikazimwa.

Mjomba alifikiri angebonyeza kitu na pesa irudi. Hapa wengi wanakosea, na si yeye peke yake. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya kosa la namba: ulitaka kumtumia dada yako ukamtumia mtu usiyemjua. Ukiomba haraka, kabla pesa haijatolewa, una nafasi. Lakini ukimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, na akavunja mapatano, mtandao wa malipo hauwezi kuamua nani mkweli kati yenu. Hiyo ni ya polisi. Mjomba alipiga ripoti, ana namba ya OB, na elfu sitini hajaziona mpaka leo.

Ndiyo maana nasema bila kuzungukazunguka: kumpa mtu wa hapa pesa akuagizie gari kwa jina lake ni kubeba hatari zote za Japani na zote za Kenya kwa wakati mmoja. Unangoja miezi mitatu kama aliyeagiza, na huna karatasi hata moja yenye jina lako. Wako waaminifu wanaofanya kazi hiyo, nawajua wawili. Lakini hata mwaminifu huyo akifa au akifilisika gari likiwa baharini, utathibitishaje kwamba ni lako?

Kama unaagiza, agiza wewe. Ankara iandikwe jina lako. Pesa iende kwa benki, kwa akaunti ya kampuni inayouza, si akaunti ya mtu binafsi, hata aseme ni ya mkurugenzi. Hati ya shehena ya meli iwe na jina lako kama mpokeaji. Cheti cha ukaguzi kitoke kabla gari halijapakiwa. Karatasi ya mnada ilingane na namba ya chesisi ya gari lako lenyewe, na ukiona R au RA badala ya namba ya daraja, ujue gari hilo liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ushuru usimpe wakala mkononi "akakulipie." KRA hutoa namba ya malipo, PRN. Mwambie wakala akutumie hiyo, lipa wewe, mpe yeye ada yake ya kazi. Wakala mzuri hatakasirika. Anayekasirika amekujibu swali ambalo hukuuliza.

Ukinunua hapa

Faida ya hapa ni kwamba unaweza kushika gari kwa mkono. Ajabu ni kwamba watu wengi hawalishiki. Wanaangalia rangi, wanawasha redio, wanapiga picha ya kutuma kwa familia.

Sisi tulimlipa fundi wetu wenyewe siku nzima, si fundi wa muuzaji. Alilala chini ya gari kabla hajaliwasha. Alitaka injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Mileji hakuiangalia hata kidogo. Aliangalia pedali ya breki ilivyolika na kiti cha dereva kilivyolegea. "Kilomita zinarudishwa nyuma," alisema, "lakini hakuna anayebadilisha pedali." Gari la kwanza alilikataa kwa dakika kumi. La pili alikaa nalo saa tatu.

Upande wa makaratasi ni wa bei rahisi kuliko fundi na una uzito zaidi. Ingia eCitizen, huduma za NTSA, lipia utafutaji wa rekodi za gari. Utaona jina la mwenye gari. Kama kuna jina la benki kando ya jina lake, gari hilo bado lina mkopo, na lisiuzwe bila barua ya benki ya kuliachilia. Mikopo mingine haionekani hapo, kwa hivyo tafuta pia kwenye sajili ya dhamana ya mali zinazohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017, ambako wakopeshaji huandikisha magari waliyowekewa rehani. Kisha chukua namba ya chesisi kwenye rekodi na uende kuisoma kwenye chuma chenyewe.

Yadini uliza swali moja la ziada: gari hili ni la nani? Yadi nyingi huuza magari yao na pia magari ya watu walioyaacha hapo yauzwe. Hilo la pili si baya, ila ukilipa yadi na yadi isimlipe mwenyewe, logbuku iko nyumbani kwa mtu asiyekujua. Mwombe mwenye gari aje, au angalau mwongee naye kabla pesa haijatoka.

Na hapa simu yako ni chombo cha uchunguzi, si cha kutuma pesa tu. Ukiandika namba ya mtu kabla ya kuthibitisha, unaonyeshwa jina lake. Linganisha jina hilo na kitambulisho, na yote mawili na rekodi ya NTSA. Majina matatu, mtu mmoja. Kama muuzaji anasema tuma kwa namba ya mke wangu, yangu ina shida, basi ngoja mpaka shida iishe. Kama ni yadi, lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara ile ile iliyo kwenye risiti. Ile namba ya mtu wa mauzo aliyekuonyesha gari, mtumie ya chai ukipenda.

Kwa vile muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na kwa siku huwezi kupita 500,000, gari zima huwezi kulilipia kwa simu kwa mpigo. Kuna watu hulalamikia hilo. Mimi nafikiri kwa gari ni baraka. Simu itumie kwa dipoziti ndogo yenye maelezo, na ujumbe wa uthibitisho usiufute. Pesa kubwa ipitie benki, na itoke siku muuzaji ameketi mbele yako, ameingia kwenye akaunti yake ya NTSA na kuanzisha uhamisho kwa jina lako. Wewe unaukubali kwenye simu yako. Usitoe pesa taslimu ukabeba kwenye mkoba mpaka yadini eti kwa sababu kikomo kimekuzuia.

Mwishowe Mjomba alinunua ile ya pili, Probox ya 2015, kwa mwalimu mstaafu wa Thika aliyekuwa akiitumia kwenda shambani. Walipatana 940,000. Dipoziti ilikuwa 20,000 kwa simu, na jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mwalimu, herufi kwa herufi. Tulikutana benki asubuhi ya Jumanne. Mwalimu hakuwa amewahi kutumia eCitizen, tukamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikamsaidia kukumbuka nywila yake kwa dakika arobaini huku Mjomba akitembea huku na huku kama baba aliye nje ya wodi ya kujifungulia. Uhamisho ulipoingia kwenye simu yake, pesa ikatoka.

Matairi, shoka za nyuma na breki zilimla 55,000 nyingine. Alikopa laki moja SACCO, nayo imebaki kidogo amalize. Wiki hiyo hiyo alianza kubeba mayai. Kiyoyozi hakifanyi kazi na mlango wa nyuma unafungwa kwa kupigwa, kitu ambacho fundi alituambia na tukakitumia kupunguza bei.

Mimi bado napanda matatu. Binamu yangu, mwenye mshahara na asiye na haraka, ameagiza Mazda Demio mwenyewe, ankara kwa jina lake, na juzi alinitumia ujumbe akiuliza kama ni sawa kumtumia wakala wa forodha pesa ya ushuru kwa simu ili "aharakishe." Nilimjibu amwombe PRN. Wakala aliituma baada ya saa moja, bila maneno mengi.